Polisi walimsimamisha mwanangu, nami nikasimama upande wao

Nimemkosea mwanangu wa kumzaa. Nimemkosea mchana kweupe, mbele za watu, nikiwa nimevaa kitenge kipya. Nasema mapema ili usije ukanionea huruma kabla hujajua nilichofanya.

Jina langu liache. Mimi ni Mtanzania, mtu wa Morogoro, naishi London upande wa Tottenham, na kazi yangu ni kuhudumia wazee majumbani mwao. Nawaogesha, nawalisha, nawasikiliza wakiwalaumu watoto wao wasiokuja kuwaona. Zamani nilikuwa nawaitikia kwa nguvu zote. Siku hizi wakianza habari hiyo naenda jikoni kuchemsha maji.

Mwanangu nitamwita Daudi, ingawa siyo jina lake. Amezaliwa huku huku. Baba yake alifariki Daudi akiwa bado anajifunza kusoma, nikamlea peke yangu, kwa jasho na kwa mdomo. Kwa mdomo hasa! Wanaonijua wanajua. Mimi nilikuwa namsemesha Kiswahili, yeye ananijibu kwa Kiingereza, na tulielewana hivyo miaka yote bila shida.

Alipokuwa mtu mzima alipata kazi kwenye ghala la mizigo karibu na uwanja wa ndege, huko Hounslow. Kutoka kwetu ni kuvuka mji mzima. Alidunduliza, akanunua gari. Lilikuwa limeshatumika, lakini jeusi, la Kijerumani, linang'aa, na kila Jumapili tukirudi kanisani alilifuta vumbi kwa fulana zake za zamani. Nilijisikia vizuri kumwona vile. Nilipiga picha nikazituma nyumbani kwa dada zangu.

Wiki ile ile ya kwanza polisi wakamsimamisha. Walimuuliza gari ni la nani. Akasema ni lake. Wakamuuliza tena ni la nani.

Baada ya hapo ikawa mtindo. Akienda kazini anasimamishwa, akitoka kazini anasimamishwa. Mara taa ya nyuma haiwaki, akishuka kuangalia inawaka. Mara gari kama lile limeonekana mahali penye uhalifu. Mara ni ukaguzi wa kawaida tu, bwana, usijali.

Sasa sikia ujinga wangu. Kila alipoingia ndani na kuniambia amesimamishwa, swali langu la kwanza lilikuwa, "Umefanya nini?"

Sikumuuliza kama yuko salama. Sikumuuliza kama amekula. Nilimuuliza amefanya nini, na akisema hajafanya kitu nilikuwa nacheka kwa pua. Lisemwalo lipo, nilimwambia. Polisi wa huku wana kazi nyingi, hawawezi kumkimbiza mtu bure. Siku moja alikaa chini akanieleza kwa utaratibu kwamba ana mwenzake kazini, Mzungu, ana gari kama lake na anapita barabara zile zile, na hajawahi kusimamishwa hata siku moja. Mimi nikamjibu kwamba labda mwenzake anaendesha vizuri.

Aliinuka, akaosha kikombe chake, akaenda chumbani. Hakunieleza tena.

Chini kwetu, kwenye maghorofa yetu yale yale, anakaa mama mmoja Mkongo. Nitamwita Mama Furaha. Alitoka upande wa Uvira akiwa mkimbizi, na hapa anafanya usafi maofisini usiku. Mguu wake mmoja una maumivu ya zamani, anatembea kwa kuuburuta kidogo. Mama huyu alikuwa anaogopa sana watu wa sare. Akimwona askari mbele anavuka barabara, hata kama askari mwenyewe amesimama tu ananunua chai.

Nilikuwa namcheka. Naungama na hilo pia. Nilikuwa nasema sisi Watanzania tumetoka kwenye nchi ya amani, tumezoea serikali, hatuna sababu ya kukimbia sare. Wakongo ndio wenye vurugu zao. Siku moja tulikutana kwenye lifti akaniambia kwa upole kwamba ameona polisi wamemsimamisha Daudi pale nje, karibu na mlango wetu.

"Mama Daudi," alisema, "huyu mutoto banamusumbua bure. Ni juu ya rangi yake tu. Umusimamie."

Nilimjibu asante, kwa sauti ile ya kumfukuza mtu. Nilipofika ndani nikamwambia Daudi sitaki aonekane karibu na watu wale, na gari lake lisiwe la kubebea Wakongo. Maneno hayo yalitoka kwenye kinywa changu, kinywa kinachoongoza nyimbo kanisani.

Kuna jambo jingine lililokuwa linaniwasha. Daudi alikuwa akiingia zamu ya jioni, lakini badala ya kurudi ikiisha, alikuwa anarudi karibu na alfajiri. Nikimuuliza anasema alikuwa na shughuli. Shughuli gani? Shughuli tu, Mum. Basi mimi na akili yangu nikaunganisha: gari, polisi, alfajiri. Nikaanza kunusa nguo zake kabla ya kuzifua. Ndiyo, nguo za mwanangu! Nikaanza kupekua mifuko.

Sikukuta kitu. Na kutokukuta kitu hakukunituliza, kulinitia wasiwasi zaidi.

Lazima nikwambie kidogo nilivyolelewa, siyo kwa kujitetea, ila uelewe. Baba yangu alikuwa balozi wa nyumba kumi. Mashauri yote ya jirani yalikuja barazani kwetu: kuku wa fulani kaibiwa, mtoto wa fulani kavunja dirisha. Na nyumbani kwetu kulikuwa na utaratibu unaojulikana na kila mtu. Mtu akija kukushtakia mwanao, husimami kumtetea. Unamgeukia mwanao pale pale, unamgombeza kuliko alivyokosa, unasema hata mimi amenishinda huyu, mchukueni mkamfunze. Ukifanya hivyo mlalamikaji mwenyewe ndiye anayelainika. Anakwambia, basi mama, inatosha, ni mtoto tu huyu. Shauri linaisha, mnakunywa chai.

Niliona jambo hilo likifanyika mara nyingi sana, na halikushindwa hata mara moja. Mzazi anakuwa mkali ili mgeni awe mpole. Nilikuja nalo London kwenye sanduku langu pamoja na khanga.

Siku yenyewe ilikuwa Jumamosi. Rafiki yangu anayekaa Croydon alikuwa anamwoza binti yake, na siku hiyo ilikuwa send-off, sherehe ya kumuaga binti. Sisi wanawake tulikuwa na sare ya kitenge, na mimi ndiye niliyepewa kazi ya kupika pilau. Si kwa kujisifu, lakini kwa pilau mimi napewa. Nilipika tangu asubuhi, masufuria mawili makubwa, nikayafunika kwa foili na kuyafunga kwa vitambaa. Daudi alikuwa ametoka kazini hajalala vizuri, lakini alikubali kunipeleka. Aliyabeba masufuria mwenyewe akayapanga kwenye buti, akayazungushia blanketi yasimwagike.

Njia nzima nilikuwa naongea. Yeye anatabasamu tu. Nakumbuka aliniambia nimependeza.

Tulipofika Streatham nikasikia ile sauti fupi ya king'ora nyuma yetu. Daudi hakushtuka. Aliingiza gari pembeni taratibu, akazima injini, akafungua kioo, akaweka mikono yote miwili juu ya usukani. Alifanya yote hayo kama mtu anayefunga vifungo vya shati, bila kufikiri.

Halafu akaniambia jambo ambalo halitoki kichwani mwangu. Akaniambia kwa Kiswahili. Daudi ambaye tangu utoto wake akinijibu ni Kiingereza, siku ile alitafuta maneno yangu.

"Mama, usiseme kitu. Tafadhali. Niache mimi."

Walikuja askari wawili, mwanamume na mwanamke kijana. Mwanamume alikuwa na adabu, hakupaza sauti. Akauliza gari ni la nani. Akauliza tunatoka wapi, tunakwenda wapi, na Daudi jana usiku alikuwa wapi. Daudi akajibu kwa kifupi, akauliza amesimamishwa kwa sababu gani. Askari akasema ananusa bangi ndani ya gari.

Bangi! Gari zima lilikuwa linanuka karafuu na iliki na vitunguu vya kukaanga, hata mimi nguo zangu zilikuwa zinanuka pilau. Nilijua kwa pua yangu mwenyewe kwamba mtu yule anasema uongo. Nakuomba ulishike hilo vizuri, kwa sababu ndilo linaloninyima usingizi. Nilijua.

Walimwambia ashuke. Akashuka. Wakamfunga pingu, wakisema ni kwa usalama wa kila mtu. Pale palikuwa na kituo cha basi, watu wamejaa, na kila jicho liko kwetu. Kijana mmoja ameshainua simu anarekodi. Nikaona na akina mama wawili waliovaa kitenge kama changu, wanatoka kwenye duka, nao wanaelekea huko huko tunakokwenda. Walitazama. Aibu ikanipanda kutoka miguuni.

Hapo ndipo nilipofungua mlango nikashuka.

Daudi aliniona nashuka akatikisa kichwa. Mimi sikumtazama. Nilimtazama askari, nikaweka mikono kifuani, nikaomba radhi. Nikazungumza Kiingereza changu kizuri, kile cha kazini. Nikasema, "Mimi ni mama yake. Samahanini sana. Huyu mtoto ni mkaidi, hasikii. Hata mimi amenishinda. Anarudi alfajiri, nikimuuliza anatoka wapi hasemi. Mwulizeni nyinyi, labda nyinyi atawaambia."

Nilimaliza nikasubiri. Nilisubiri askari aseme basi mama, inatosha, ni mtoto tu.

Askari akamtazama mwenzake. Yule binti akatoa kalamu. Akaniomba nirudie, anarudi saa ngapi? Kila siku au baadhi ya siku? Kuna marafiki wanaokuja nyumbani? Na mimi nikajibu! Nikajibu yote, tena kwa bidii, kwa sababu nilidhani bado sijagombeza vya kutosha.

Daudi aliacha kutikisa kichwa. Alikuwa anatazama matairi.

Walipofungua buti nikaenda kuwasaidia. Ndiyo, nilikwenda mwenyewe nikafungua vitambaa, nikainua foili, mvuke ukatoka. Yule mwanamume akachukua kitu kama kijiti akakizamisha kwenye pilau akikoroga mpaka chini, mkono umevaa glavu. Nami nikacheka. Nikawaambia karibuni, onjeni, ni chakula cha kwetu. Mwanangu amefungwa pingu hatua chache kutoka pale, mimi nawakaribisha pilau watu waliomfunga.

Hawakukuta kitu kwenye gari. Hawakukuta kitu mifukoni. Kwetu shauri lingeishia hapo. Lakini yule mwanamume akaja kunieleza, kwa upole ule ule, kwamba kutokana na niliyowaambia wana sababu ya kufanya upekuzi wa ndani zaidi, na huo haufanyiki barabarani. Wakampandisha kwenye gari lao. Mmoja alimwinamisha kichwa asijigonge mlangoni.

Sikuelewa maana ya upekuzi wa ndani zaidi. Au nilielewa nikajifanya sijaelewa. Hata leo sina hakika.

Nimefika pale ambapo kalamu inakuwa nzito. Ungedhani nilikwenda kituoni. Ungedhani nilikaa pale kwenye benchi mpaka mwanangu atoke. Sivyo! Niliita teksi, nikapakia masufuria yangu, nikaenda kwenye send-off.

Nilijiambia watu wanasubiri chakula. Nilijiambia Daudi ni mtu mzima na hana hatia, watamwachia. Ukweli ni kwamba wale akina mama wawili walikuwa wameshaona, na nilitaka nifike nikaweke maneno yangu kabla hawajaweka ya kwao. Nilifika nikasema ilikuwa kioo tu cha taa, Daudi amepeleka gari kwa fundi. Nikapakua pilau. Watu wakasifu. Muziki ulipopigwa nikatoka mbele na wenzangu tukamcheza bi harusi mpaka jasho likanitoka. Kuna video. Mtu aliituma kwenye kundi letu la simu, na humo mimi nacheka kuliko wote.

Niliporudi jioni nilimkuta Daudi ameketi jikoni, taa haijawashwa. Alikuwa ameoga, nywele bado zina maji. Nikamuuliza wamekufanya nini.

Aliniambia mara moja tu, na hatujalirudia. Walimvua nguo zote. Walimwambia ainame. Walikuwa wanaume wawili, na mmoja wao alikuwa anazungumza habari za mpira. Hawakukuta kitu, wakampa karatasi, wakamfungulia mlango. Gari lilikuwa bado Streatham, akalifuata kwa basi.

Nikaanza kulia. Nikamwambia nilitaka kumsaidia, kwamba kwetu ndivyo inavyofanyika, mzazi anagombeza ili wengine wahurumie. Nilieleza mambo ya baba yangu na baraza na kuku. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"I know, Mum," akasema. Najua, Mama.

Afadhali angenitukana! Afadhali angevunja sahani. Alisema anajua, akainuka, akanipita kwa uangalifu ili asinigonge.

Kabla mwezi haujaisha alihamia Hounslow, akapanga chumba karibu na kazi. Alisema ni kwa ajili ya zamu. Hajawahi kuninyima simu. Nikipiga anapokea, nikimuuliza anajibu, siku ya kuzaliwa kwangu analeta maua. Lakini akija kwangu anakaa kama wazee wangu wa kazini wanavyokaa akija daktari. Mgongo umenyooka, mikono iko mezani mahali ninapoiona. Nikimuuliza alikuwa wapi jana, anachagua kwanza la kusema. Mwanangu anapima maneno mbele yangu.

Pilau siwezi kuipika tena. Nimejaribu. Mvuke ukipanda tu naona ile glavu. Watu wakiniomba kwenye shughuli nasema mkono unauma. Na king'ora kikipita chini barabarani, na Tottenham vinapita kutwa, nasimama dirishani nahesabu magari meusi. Wakati mwingine nikiwa nimelala nusu nasikia sauti ikisema, "Mama, usiseme kitu," kwa Kiswahili kile chake cha kitoto, na mimi ndani ya ndoto najua nitasema. Kila mara nasema.

Zile alfajiri zake nilikuja kuzijua kwa bahati. Mama Furaha aliacha kazi ya usiku, nami nikamuuliza kwa adabu tu sababu yake. Akasema mguu. Zamani alikuwa anaweza kwa sababu Daudi alikuwa akimpitia na gari anapomaliza kazi, anamrudisha nyumbani, na sasa Daudi amehama. Karibu mwaka mzima, kumbe! Alidhani nafahamu. Alikuwa akiniombea baraka kwa kuwa na mtoto kama yule, na mimi nilikuwa nanusa mashati.

Daudi hakuniambia kwa sababu nilimkataza. Alikuwa anatenda wema kwa siri kama wengine wanavyoiba.

Hata baada ya hapo niliendelea kujipa moyo. Majeraha hupona, nilisema, na mama ni mama. Nilijiambia siku akipata shida ya kweli atanikimbilia mimi, kwa sababu atamkimbilia nani mwingine? Nilikuwa naingoja siku hiyo. Mungu anisamehe, nilikuwa naiombea kidogo, ili nipate nafasi ya kusahihisha.

Siku hiyo imeshapita, na mimi sikuijua.

Mwezi uliopita Mama Furaha alinibishia hodi mchana. Hakutaka chai. Alikaa ukingoni mwa kiti, akasema ana neno limemkaa kooni wiki mbili na hawezi kuendelea kunipita kwenye ngazi bila kulitoa. Daudi alisimamishwa tena. Safari hii aliuliza sababu mara mbili, wakasema anawazuia kufanya kazi yao, wakamkamata na kumweka ndani tangu asubuhi mpaka jioni. Baadaye wakamwachia bila kosa lolote. Alipofikishwa kituoni walimuuliza, kama wanavyouliza kila mtu, kuna mtu gani angependa aambiwe kwamba yuko pale?

"Akataja jina yangu," alisema Mama Furaha. "Bakanipigia simu. Nikaenda."

Nikamuuliza, wewe ulikwenda kituo cha polisi? Wewe unayevuka barabara? Akasema ndiyo. Alipanda mabasi mawili na mguu ule. Alisema mlangoni alitaka kurudi, akakumbuka mtoto yuko ndani. Akaingia. Akakaa mbele ya dirisha la askari kutwa nzima, na kila zamu ilipobadilika, askari mpya akimuuliza ni nani na anataka nini, alijibu jambo moja.

"Nilibaambia, huyu ni mutoto yangu. Ni muzuri. Siendi bila yeye."

Nikamuuliza lile ambalo sikupaswa kumuuliza yeye: kwa nini hakunitaja mimi? Mimi naishi ghorofa tatu tu juu yake. Nina Kiingereza, nina miguu miwili mizima, nina uraia.

Mama Furaha alishika mkono wangu. Si mtu wa kusema vibaya, nilimwona anatafuta njia ya kuzunguka, akaikosa.

"Aliogopa kile utabaambia," akasema.

Alipoondoka nilibaki nimekaa pale pale mpaka giza likaingia. Mwanangu alikuwa mikononi mwa watu wenye funguo na pingu, na kati yao na mimi, mimi ndiye aliyenihofia.

Nimempigia Daudi. Sikumwambia kwamba najua. Nimemuuliza hali yake, akasema yuko salama, akaniuliza hali yangu.

Basi wewe mzazi mwenzangu uliye huku, mwenye kijana mweusi anayeendesha gari, chukua hili kwa mtu aliyeungua. Yale ya barazani kwetu ni mazuri barazani kwetu, ambako aliyekuja kushtaki alimbeba mwanao mgongoni akiwa mchanga. Polisi hawa hawamjui mwanao. Wamemwona rangi na gari, wakaamua, na wewe ukifungua mdomo wanaokota cha kumfungia. Akikwambia anasimamishwa bure, mwamini kwanza. Kama ana kosa utalijua baadaye, mkiwa wawili, mlango umefungwa. Usimpekue mwanao kabla polisi hawajampekua.

Na siku ukiwa ndani ya gari, na taa za bluu ziko nyuma yenu, kaa kimya kama atakavyokuomba. Wakikulazimisha kusema, sema huyu ni mwanangu, halafu nyamaza. Ni maneno machache, hayahitaji Kiingereza kizuri. Mimi niliyemzaa nilikuwa na nafasi ya kuyasema pale Streatham, watu wote wakisikia, na nikasema mengine. Amekuja kuyasikia kwa jirani.